Barabara ya ngapi? Kwa nini ukienda mji dada wa Tanga unakutana na mtu wenu

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu, na miaka kadhaa nyuma alibahatika kuwemo kwenye kikundi kidogo cha watu wa Tanga kilichoalikwa Eckernförde, kule Ujerumani ya kaskazini, ambao ndio mji dada wetu wa siku nyingi. Siku ya pili wakapelekwa ukumbini kula na wenyeji, akakaa karibu na mama mmoja mtu mzima, Mswahili, kavaa sweta mbili, anakula zake kimya. Shikamoo, marahaba, hujambo mwanangu, halafu yule mama akauliza swali ambalo mtu wa Tanga atakuuliza hata mkikutana mwezini: "Wewe wa barabara ya ngapi?" Mdogo wangu akajibu ya 12. Mama akaweka uma chini. "Ya 12 nyumba ya nani?" Hazikupita dakika 5 watu wawili wamekumbatiana wanalia na Wajerumani pale mezani wanaulizana kama kuna msiba.

Kwa ambao hamjafika kwetu, mitaa ya Ngamiani ina namba tu, barabara ya kwanza, ya pili, unaendelea hivyo mpaka unavuka 20, kwa hiyo namba ya barabara ndio kama ukoo wako wa pili. Na yule mama alikuwa binti wa mama mkubwa wake mama yetu. Aliondoka miaka ya 80 na mume Mjerumani, wakaandikiana barua kidogo, barua zikakatika, basi. Nyumbani tulikuwa tunamjua kwa jina tu na kwa kesi moja ya doti ya khanga ambayo mama anasema aliondoka nayo, ntairudia.

Kila ninayemsimulia anasema hiyo ni ajabu ya Mungu. Na mimi nlisema hivyo hivyo. Ila baadae nikaanza kusikia za wengine, fulani kakutana huko na mjukuu wa bosi wa babu yake wa mkonge, fulani kaonyeshwa picha ya zamani ndani kuna ukuta wa nyumba yao, nikajiuliza mbona maajabu yamekuwa mengi hivi? Kitu kikitokea mara nyingi kina sababu. Nimekaa nimechimba, na ninavyoona mimi ile karatasi ya udada haileti undugu wowote, undugu ulishakuwepo kitambo, umefichwa na mambo mawili matatu ya kipuuzi, karatasi inachofanya ni kuwakalisha watu meza moja.

Tuanze na karatasi yenyewe kwa sababu wengi wanaisikia kwenye hotuba tu. Mji dada ni makubaliano ya mji na mji, mameya wawili wanasaini, picha zinapigwa, kila mmoja anapewa kinyago au sahani ya ukutani. Sio mkataba wa nchi na nchi, hauna mahakama, hakuna mahali pameandikwa mji huu utaupa ule shilingi ngapi. Ukikosa kutimiza hakuna wa kukushtaki. Ndio maana kuna miji ina madada 10 na haijui hata mmoja anaitwaje.

Jina lenyewe kila mtu ana lake. Wamarekani wanasema dada, Waingereza na Wafaransa wanasema pacha, Wajerumani wanauita mji mbia, Wafini wanasema mji rafiki, Warusi wao ni ndugu wa kuapizana. Kwetu tumechukua dada, na ukimwambia bibi wa Kitanga kwamba Tanga ana dada Ulaya swali la kwanza ni tumbo moja au baba mmoja? La pili, nani mkubwa? Mimi naona Warusi ndio wamelenga, maana hiki kitu wazee wetu walikuwa nacho, undugu wa kuchanjiana. Mtu wa pwani anapanda bara na mzigo wake, anafika kwa watu asiowajua, anachanjiana na mwenyeji, wanalishana kiapo, kuanzia siku hiyo akipita pale ana pa kulala na ana wa kumsemea. Haukuwa undugu wa damu ya kuzaliwa na wote wawili walijua, ulikuwa undugu wa kazi, wa kufungua njia. Watoto wao sasa ndio walikuwa wanaukuza ukawa undugu kweli.

Ulaya jambo hili lilikolea kwa sababu ya vita. Mfano unaotajwa sana ni Coventry ya Uingereza na Stalingrad ya Urusi, miji miwili iliyopigwa mabomu mpaka ikabaki vifusi, wanawake 830 wa Coventry wakatarizi majina yao kwenye kitambaa cha meza, kila mmoja akatoa na senti zake, wakawapelekea wenzao, na mwaka 1944 miji ikafungishwa udada. Wanawake na kitambaa chenye maneno! Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hapo. Vita ilipoisha Wafaransa na Wajerumani wakafanya hivyo kwa mamia ya miji, na Marekani rais Eisenhower mwaka 1956 akaanzisha mpango wa watu kwa watu ambao ndio uliosambaza hii habari ya miji dada kwao. Japo Toledo ya Ohio ilikuwa imetangulia, wao mwaka 1931 walishaungana na Toledo ya Hispania, sababu kubwa majina yanafanana. Ndio, jina tu, kama wasomo.

Sasa Tanga. Eckernförde ilikuwa 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Toledo ya Ohio ikaja 2001. Halafu kuna Kemi ya Finland, huu ulikuja na mpango wa serikali za mitaa za Finland wa kushirikiana na halmashauri za huku Afrika. Na kwa sababu Toledo ana dada zake wengine, Toyohashi ya Japani, Coimbatore ya India, Poznań ya Poland, basi kwa hesabu za Kiswahili wote hao ni dada zetu wa kambo na siku ya harusi wanatakiwa wapewe kadi.

Huo wa 1963 una jambo moja ambalo watu hawalisemi. Mwaka uliofuata Tanganyika ikaungana na Zanzibar, Zanzibar tayari walikuwa wamewakubali Wajerumani Mashariki, na wakati ule Ujerumani zilikuwa mbili zisizopatana, Wajerumani Magharibi wakakasirika wakakata msaada wa kijeshi, na 1965 Nyerere akawaambia basi chukueni na uliobaki. Serikali zikanuniana kwelikweli. Eckernförde iko Ujerumani Magharibi, mgetegemea udada ufe, lakini mpaka leo ukiangalia orodha ya madada wa Eckernförde Tanga imo, mwaka 1963. Wakubwa wakigombana wadogo wanaendelea kuombana chumvi ukutani. Na hapa mjini jina limeganda kabisa, kuna sekondari inaitwa Eckernforde, kikaja na chuo kikuu chenye jina hilo, watoto wanalitamka Ekenfode bila shida yoyote na nusu yao hawajui kama ni mji, wanadhani ni mzungu fulani aliyejenga shule.

Haya, kwa nini wanakutana na watu wao. Sababu ya kwanza ni hesabu, na akili zetu kwenye hesabu hii huwa zinatudanganya. Panda daladala yenye watu 23, hata usiwajue, uwezekano wa wawili kati yao kuwa wamezaliwa tarehe moja mwezi mmoja umezidi nusu. Watu wanabisha sana hapa kwa sababu kila mmoja anafikiria tarehe yake yeye, wakati jozi za watu humo ndani ni 253, kila mtu na kila mwenzake. Sasa chukua wageni 15 kutoka Tanga uwakutanishe na wenyeji 60, hapo una jozi 900, na kila jozi haiulizani tarehe tu, inaulizana umesoma wapi, baba alifanya kazi gani, unasali wapi, mlikuwa mnakaa wapi. Maswali kumi kwa jozi 900. Ajabu ingekuwa wamalize siku tatu bila mtu hata mmoja kupiga kelele "usiniambie!" Na zile jozi 890 na kitu ambazo hazikupata kitu hakuna anayekuja kuzisimulia barazani.

Sababu ya pili naona ndio nzito zaidi, mlango ni mwembamba. Tanga jiji ina watu karibu laki 4 kwa sensa ya 2022, Eckernförde haifiki hata 25,000. Mtanga aliyeolewa au aliyepata kazi mkoa ule wa Schleswig-Holstein akisikia kuna wageni wa kwao wanakuja atafanya nini, si atavaa sweta zake mbili atakwenda? Na wanaosafiri upande wetu nao ni wale wale, mwalimu, nesi, diwani, mtu wa kanisa au msikiti, mtu wa bandari. Sio laki 4 wanakutana na 25,000, ni watu wachache wa aina moja wanapishana kwenye kibaraza kimoja.

Ya tatu ndio ya historia, na hapa ntakaa kidogo.

Miji ya bandari ilishazoeana kabla meya yeyote hajashika kalamu. Reli ya Usambara Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga 1893. Mwaka huo huo mkonge ukaingia, na safari yake ni kichekesho, bwana mmoja anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ilipofika huku iliyokuwa hai ni 62. Hiyo 62 ndio iliyozaa mashamba yote mnayoyaona ukitoka Pangani mpaka Korogwe. Yaani kabla Toledo haijawa dada yetu, Marekani alishatuma mche, Hamburg akaupokea, Tanga akauotesha, na baadae kamba zake zikarudi Amerika Kaskazini kufungia ngano na majani ya ng'ombe. Mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa tani 230,000 hivi za mkonge. Kila shamba lilikuwa na meneja wa kigeni, kila meneja alikuwa na mpishi, yaya, karani, dereva, na kila mmoja wa hao alikuwa na watoto. Mjukuu wa meneja akija leo na albamu, nusu ya Muheza imo humo.

Halafu ua. Hili likinijia huwa nacheka peke yangu. Tanga kulikuwa na mkuu wa wilaya Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892 akaokota mbegu za kiua kidogo cha rangi ya urujuani kinachoota kwenye mawe yenye kivuli, akamtumia baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa bustani za Herrenhausen pale Hannover, Hermann Wendland, akakipa jina la kisayansi kutokana na ukoo wa hao mabwana, Saintpaulia. Leo kiko kwenye madirisha ya mabibi dunia nzima, Marekani wanakiita urujuani wa Afrika, Wajerumani ndio wanasema kabisa urujuani wa Usambara. Mama mkubwa wetu huyo wa sweta mbili anasema msimu wake wa kwanza wa baridi alikuwa amekata tamaa ya maisha, akaingia duka la maua kujificha upepo, akasikia muuzaji anamwambia mteja neno Usambara. Akasimama pale mpaka akaulizwa kama anaumwa. Akakinunua, na vitukuu vya kile kiua anavyo mpaka sasa. Sisi tunaopita karibu na mapango ya Amboni kila siku tunakikanyaga.

Na samaki je? Eckernförde sifa yao ni samaki wadogo wa fedha, ndugu na dagaa, wanaokaushwa kwa moshi mpaka wanakuwa rangi ya dhahabu, na wao wana msemo wao kwamba Eckernförde ndiko wanakojua kugeuza fedha kuwa dhahabu. Ila samaki hao dunia inawajua kwa jina la Kiel, mji jirani, kwa sababu masanduku yalikuwa yanapigwa muhuri kwenye stesheni ya Kiel! Mtu wa Muheza akisikia hivyo anaelewa mara moja, machungwa anayalima yeye lakini Dar yanaitwa ya Tanga. Mdogo wangu anasema alipopelekwa kuona wanavyokausha ndipo mazungumzo yalipofunguka, maana alianza kuwaelekeza jinsi wanavyofanya wamama wa Sahare, ukuni gani, unageuza lini, na mzee mmoja wa kule akawa anaandika.

Sasa utauliza, kama undugu upo mwingi hivyo mbona ulikuwa umepotea? Hapa ndio kuna yale mambo ya kipuuzi.

Moja ni majina. Sisi mtu anaitwa jina lake, la baba, la babu. Ali Juma Hamisi baba yake ni Juma Hamisi Bakari. Ukifika Ulaya karani anachukua neno la mwisho anasema hili ndio la ukoo, kwa hiyo mtoto ni Bwana Hamisi na baba ni Bwana Bakari, kwenye makaratasi ni watu wawili wasiohusiana. Mwanamke akiolewa huko jina lote la kwetu linafutika. Ongeza na tahajia, Wajerumani wa zamani walikuwa wanaandika wanavyosikia kwa herufi zao, Juma anakuwa Dschuma, Shabani anakuwa Schabani, Waswahili wenyewe walikuwa Wasuaheli. Unatafuta babu yako kwenye daftari la meli herufi J, yeye amelala kwenye D karne nzima. Mfano unaojulikana ni Mahjub bin Adam Mohamed, kijana aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akaenda Berlin, akaigiza kwenye filamu nyingi za wakati ule, na mwisho akafia mikononi mwa Wanazi kambi ya Sachsenhausen 1944. Ujerumani wanamjua kama Bayume Mohamed Husen. Ungekuwa mpwa wake ungeanzia wapi?

La pili ni serikali zenyewe kukata watu makusudi. Bagamoyo alitoka Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi, mwaka 1900 akaenda kufundisha Kiswahili Berlin. Mwaka 1904 akamuoa mwanamke wa Kijerumani, mwaka uliofuata akapanda meli na mkewe warudi pwani, serikali ya kikoloni ikamkatalia asishuke na mke mzungu. Wakageuza. Akafia Berlin 1927. Hebu fikiria meli imetia nanga, unaiona minazi ya kwenu, unaambiwa wewe shuka mkeo abaki. Ukikuta leo mtu wa Bagamoyo na mtu wa Berlin wanaulizana wanahusianaje, jua kuna mtu alikaa ofisini akahakikisha wasijuane.

Na la tatu, dogo lakini kwetu ndio lililotuua, sanduku la posta. Huku barua haziji nyumbani, zinakuja sanduku la kazini. Babu yetu alikuwa anatumia sanduku la shamba la mkonge. Mkonge ulipoanguka, nailoni imeingia na bei imekufa, shamba likafungwa, na sanduku likafungwa nalo. Mama mkubwa aliendelea kuandika miaka miwili mitatu kwenye sanduku ambalo halina mwenyewe akaamua basi wamenitupa. Mama yetu huku naye anasema kaolewa na mzungu katusahau. Miaka 30 watu wamenuniana kwa ajili ya kisanduku cha chuma.

Ndio maana nasema karatasi haikuzaa kitu, ila bila ile meza ya chakula swali la barabara ya ngapi lingeulizwa wapi? Mtandao haukusaidia, kwa jina gani ungemtafuta.

Nisiwapambie tu. Sio kila udada una hii neema, na mara nyingi hauendi ilikopita historia. Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyegeuka Emily Ruete, kazikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, tangu 1924. Ungedhani Hamburg ni dada wa Zanzibar, kumbe kachukua Dar es Salaam mwaka 2010, na Zanzibar akaja kuungana na Potsdam 2017. Kemi nako sijasikia hata hadithi moja ya mtu kumkuta shangazi, na sababu iko wazi, hakukuwa na mkonge wala meli kati yetu na ile bahari yao inayoganda mpaka watu wanaikanyaga, ulikuwa ushirikiano wa ofisi na ofisi. Na kuna watu wana haki ya kuwa ndugu zetu na hakuna aliyewasainisha. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapa Tanga askari kama 8,000, wengi Wahindi, wapo waliotoka Kashmir, wapo wa kusini ya India, na kikosi kimoja cha Lancashire. Walipigwa, nyuki wakawamalizia, na makaburi ya vita ile yapo mjini hapa hapa. Wajukuu zao wakija huwa wanakuja wenyewe na ramani ya mkononi, wanaulizia bodaboda.

Halafu kuna suala la nani anapanda ndege. Kuna sehemu safari za miji dada zimegeuka posho za watu wale wale, mtu kaenda mara nne na akirudi habari aliyonayo ni ya hoteli. Wageni wao wakija wanakaa wiki mbili nyumbani kwa mtu, wanakula muhogo wa nazi, wanafundishwa kutumia mbuzi ya kukunia nazi, sisi tukienda kwao tunataka ukumbi na bahasha. Kama hesabu yangu ya jozi ni sahihi, ukimtuma mtu yule yule mara nne jozi haziongezeki. Tuma mpishi wa shule, tuma mvuvi wa Sahare, tuma bibi mmoja anayejua koo zote za Chumbageni. Yule bibi peke yake ni sawa na wajumbe 40, na atauliza maswali ambayo diwani anaona aibu.

Kama na wewe una mtu aliyepotelea upande huo, nachoweza kukwambia kwa uzoefu wetu usianze na jina. Anza na mahali na kazi, barabara, shamba, stesheni, hospitali ya Bombo mwaka fulani, jina la meneja. Picha za zamani geuza nyuma, ndio kwenye maandishi. Jina likiandikwa, lisome kwa sauti kama Mjerumani kabla hujasema silijui. Na wageni wa mji dada wakija mjini usiwaachie madiwani, nenda kaulize.

Nlisema ntarudi kwenye khanga. Mdogo wangu alipiga simu usiku ule ule kutoka Eckernförde, akaweka spika, mama akaletwa kutoka jikoni mikono ina unga. Kimya. Mama mkubwa akasema "Mie hapa." Mama akalia, tukalia wote, jirani akaja kuchungulia. Baada ya kama dakika kumi mama akafuta machozi na upande wa khanga aliyovaa, akakumbuka. "Na ile doti yangu ya kisutu?"

Mama mkubwa akasema hakuichukua, aliiacha juu ya kamba uani, aulizwe wifi yao wa barabara ya 9. Wifi wa barabara ya 9 yuko hai, tumekwenda kumuuliza, anasema yeye hajawahi kuvaa kisutu maisha yake. Kesi bado inaendelea, kila Ijumaa kwa simu ya video, na kile kiua kiko nyuma yake dirishani.